Nadhiri Ni Yangu, Kinanda Ni Chake

Shikamoo Shangazi. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwimbaji wa nyimbo za Injili, nina miaka 34, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Miaka minne iliyopita sauti ilinikauka. Si mafua ya kawaida, ilikauka kabisa, wiki tisa nzima nikawa nazungumza na watu kwa karatasi na kalamu. Daktari akaniambia nivute subira. Mimi nikaona subira peke yake haitoshi, nikaweka nadhiri. Nilipiga magoti kando ya kitanda, na kwa kuwa sauti sikuwa nayo, nikamwandikia Mungu: ukinirudishia sauti, nyimbo zangu sitaziuza hadi naingia kaburini. Karatasi ile ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya Biblia.

Sauti ikarudi. Nikaingia studio, nikarekodi nyimbo sita. Fedha za studio zilitoka kwenye akiba ya mke wangu, kwa ridhaa yake. Ala zote alipiga rafiki yangu mmoja, mpiga kinanda niliyekua naye kwaya ya vijana. Tena tuni za nyimbo mbili ni zake: mimi nilikwenda na maneno tu, yeye akakesha kwenye kinanda hadi wimbo ukakaa. Hatukuandikishana kitu. Nilimwambia Mungu atamlipa, naye akaitika amina.

Nyimbo nikazitoa bure. Anayetaka anazipakua mtandaoni, na kwenye semina nagawa flashi. Zimefika nisikotarajia. Siku moja dada nisiyemfahamu alinitumia ujumbe wa sauti. Hakusema kitu, aliacha simu ikirekodi tu. Nikasikia mashine ya wodini ikilia taratibu, wimbo wangu wa tatu ukipigwa kwa sauti ndogo, na bibi mmoja akiufuatisha, ubeti wa pili anakosea maneno. Mwishoni yule dada akasema, “Ni mama yangu. Asante.” Nilijifungia chumbani nikalia.

Shida ilianza mwezi uliopita. Rafiki yangu alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiriwa nje. Akaniambia kinanda chake kina kii tano hazilii na hana hela ya fundi, na kila anapotaja malipo watu wanamjibu, “Si wewe yule unayepiga bure?” Kisha akasema neno ambalo halinitoki kichwani: “Kaka, nadhiri uliweka wewe. Mimi sikuweka.”

Siku zilezile nikapakia video ya wimbo wangu mwenyewe, ikaja taarifa kwamba muziki uliomo ni mali ya mtu mwingine. Kutafuta, nakuta nyimbo zangu mbili zinauzwa kwa jina nisilolijua, juu yake pamewekwa picha ya machweo. Watu waliotumia nyimbo hizo kwenye video zao za ibada nao wananipigia, kwamba wamewekewa madai.

Halafu kuna wasambazaji wa muziki wameniandikia, wanataka nyimbo zote sita waziuze, mapato tugawane. Nilipomweleza mzee wetu wa kanisa hakuningoja nimalize. “Mmepata bure, toeni bure. Ukiuza wimbo, umeuza upako.” Mke wangu yeye hajasema neno. Jioni ile alitoa daftari alimoandika gharama za studio, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda kulala.

Shangazi, nikikubali hao wasambazaji nitakuwa nimevunja nadhiri? Huyu anayeuza nyimbo zangu nimsamehe au nimfuatilie? Na rafiki yangu, kweli ananidai?

Mwimbaji, njia panda

*

Marahaba mwanangu. Amina, asifiwe milele.

Swali umeliweka la mwisho, mimi nitaanza nalo. Ndiyo, anakudai.

Sentensi yake nimeisoma mara tatu. Kwenye Hesabu 30 nadhiri inamfunga aliyeiweka, kinywa chake mwenyewe. Haimfungi jirani yake, wala rafiki aliyepita kumsaidia. Wewe ulipiga magoti na karatasi yako. Yeye usiku ule hakuwepo chumbani. Alipoitika amina aliitikia dua, kama sote tunavyoitikia. Hakutia sahihi mkataba. Nami nakuambia kama mtu aliyeimba sauti ya pili kwa miaka mingi: “Mungu atakulipa” nimeambiwa na watu ambao fedha walikuwa nazo mfukoni. Nikiisikia mpaka leo huwa natazama mfuko wa msemaji.

Umkumbuke Daudi kwenye kiwanja cha Arauna, 2 Samweli 24. Anataka kutoa sadaka, mwenye kiwanja anamwambia chukua bure, kiwanja, ng'ombe, na kuni hizi hapa. Daudi akakataa. Hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha, ndipo akajenga madhabahu. Sasa tazama yako. Sauti ni yako, uliitoa. Maneno ni yako, uliyatoa. Lakini pale juu ya madhabahu yako kuna ng'ombe wa watu wawili ambao hukuwalipa: mpiga kinanda na mke wako. Mkeo aliridhia, huyu tutamrudia. Rafiki yako hukumuuliza hata mara moja kama anatoa sadaka au anafanya kazi.

Hata ukiiacha Biblia kando, sheria itakuambia yaleyale kwa lugha kavu. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na tuni, na kuna rekodi iliyotoka studio. Kila moja inaweza kuwa na mwenyewe tofauti. Na haki ya mtunzi haingoji muhuri wa ofisi. Mkataba wa Berne, ambao ulianza mwaka 1886 na nchi nyingi sana zimeuridhia, unasema haki hiyo haitegemei kujiandikisha. Kazi ikishatungwa, ina mwenyewe. Kwa hiyo zile nyimbo mbili alizozikeshea tuni, yeye ni mtunzi mwenzako. Hukuwa na mamlaka ya kuzigawa peke yako, kama usivyoweza kugawa nyumba ya urithi mnayomiliki wawili. Kwenye zile nne nyingine alikuwa mpigaji, na mpigaji naye ana haki juu ya alichokipiga, ingawa kiasi chake hutofautiana nchi kwa nchi.

Nenda kwake. Usimwite aje, nenda wewe. Kabla ya hesabu yoyote mwombe radhi, tena usiipambe na ushuhuda wa yule mama wa wodini, maana ushuhuda ule ni mzuri lakini hapo utageuka rungu la kumnyamazishia. Ukishaomba radhi, muulize anataka nini. Inawezekana atasema nyimbo nne anazitoa kwa Bwana kwa hiari yake, zile mbili anataka malipo. Inawezekana atataka ujira wa zote. Mtakachokubaliana kiandikeni, karatasi moja inatosha: majina ya nyimbo, nani alitunga nini, malipo kiasi gani na kwa awamu zipi, sahihi zenu wote. Kwa zile mbili nunua fungu lake kama Daudi alivyonunua kile kiwanja, au akupe ruhusa ya maandishi kwamba ziendelee kugawiwa. Hapo ndipo zitakuwa zako za kutoa. Na anza na kinanda. Kii tano zisizolia ni deni linaloonekana kwa macho, wala halihitaji kikao.

Ukimaliza hapo, mahali pengine akikosa kazi kwa sababu “anapiga bure”, waambie watu kwa kinywa chako kwamba wewe ulimlipa. Huo uvumi ulitoka kwako.

Sasa nadhiri. Watu watakutafutia upenyo. Watakuambia Mungu anajua moyo, kwamba kuuza mtandaoni si kuuza kule ulikokusudia. Mimi sikupi upenyo. Uliandika “sitaziuza”, na Mhubiri 5 iko wazi: ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Hao wasambazaji wajibu kwa adabu kwamba nyimbo hizi sita haziuzwi. Tena ukiutazama mkataba wao kwa makini, kuna uwezekano mkubwa wanataka haki ya peke yao, na ukishaitoa hiyo watakutaka uzifute zote ulizoweka bure. Yule bibi wa wodini atakuwa ananunua.

Lakini isome tena karatasi yako, neno kwa neno, usiiongezee. Umesema hutauza. Hukusema hutapokea. Hukusema hutalipwa ukifundisha kwaya sauti, wala kwamba kanisa likikualika lisikulipie nauli. Hukusema hata kidogo kwamba wapigaji wako watakufa njaa. Naona wewe mwenyewe umeinenepesha nadhiri kila mwaka, sasa imekuwa kubwa kuliko ile uliyoiweka.

Kuna mtu alipita njia yako kabla yako. Keith Green, mwimbaji wa Injili wa Marekani, alikuwa anauza vizuri sana alipoamua kwamba hataki tena mtu azuiliwe na bei. Aliomba aachiliwe kwenye mkataba wake na kampuni ya kurekodi, na mwaka 1980 akatoa albamu ambayo msikilizaji alilipa alichoweza. Asiye na kitu alipewa bure. Kufikia mwaka 1982 zilikuwa zimetoka nakala zaidi ya 200,000, na kati ya hizo takriban 61,000 zilikwenda bure. Mwaka huohuo, Julai, alikufa katika ajali ya ndege, na watoto wake wawili walikuwa naye. Ninachokipenda katika habari yake si ukubwa wa hesabu. Fedha za kurekodi alizipata kwa kuweka rehani nyumba yake, yeye na mkewe wakiwa wamekubaliana. Nyumba yake, mwanangu, si ya mpiga ngoma. Na mlango wa kutoa hakuufunga: nakala nyingi kuliko zilizotoka bure zilikwenda kwa watu waliochangia kitu.

Kwa hiyo pale watu wanapopakua nyimbo zako weka njia ya kuchangia, na useme bila kuzungukazunguka fedha zinakwenda wapi: kumlipa mpiga kinanda, kurudisha gharama za studio, kurekodi nyimbo zijazo. Asiye nacho apakue, asione aibu. Hiyo si biashara, mradi wimbo haujafungiwa nyuma ya mchango.

Mzee wako wa kanisa namheshimu, ila amesimama Mathayo 10 mstari wa nane. Ashuke hadi wa kumi, ni hatua mbili tu, atamkuta Bwana yuleyule akisema mtenda kazi anastahili posho yake. Kisha afungue Nehemia 13. Waimbaji wa hekalu walikuwa wamekimbilia mashambani kila mtu kwake, kwa sababu mafungu yao hawakupewa. Nehemia alipofika hakuwakemea waimbaji kwamba wamepoteza upako. Aliwakemea viongozi. Ningekuwa wewe ningemuuliza mzee kwa unyenyekevu: hizi nyimbo zinazoimbwa kanisani kila Jumapili, kanisa lilichangia nini zirekodiwe? Si lazima ajibu siku hiyohiyo.

Na hilo la kuuza upako, tusilitupe ovyo kwa kila anayeuza. Ira Sankey, mwimbaji aliyesafiri na mhubiri Dwight Moody, walipokuwa Uingereza kati ya 1873 na 1875 kitabu chao cha nyimbo kiliuzwa sana, na watu wakaanza kusema wamekuja kufanya biashara. Wakaamua mrabaha, yaani fungu lao la mauzo ya kitabu, usipite mikononi mwao, usimamiwe na wadhamini. Fedha zile zilisaidia kumalizia jengo la kanisa lao Chicago baada ya moto wa 1871, na baadaye zikasaidia shule. Walikuwa wanauza, na hawakuila. Wewe nadhiri yako imekunyima njia hiyo kwa nyimbo zako, lakini usimhukumu mwenzako aliyeishika.

Tuje kwa mwenye picha ya machweo. Kabla hujamwita mwizi, mpigie mtu wa studio umuulize: ile midundo aliitengeneza mwenyewe, au kuna vipande alivyovichukua kwenye maktaba ya sauti zinazouzwa kwa yeyote? Nauliza kwa sababu mifumo ya kutambua sauti, kama Content ID ya YouTube, inalinganisha sauti na sauti. Haijui nani mkweli. Kipande kimoja kikiwa kwenye nyimbo za watu kumi, mmoja akisajili wimbo wake, tisa wanaweza kupata taarifa kama yako bila mtu yeyote kuiba. Lakini kama sauti inayouzwa ni yako, koo lako, hapo hakuna mjadala.

Msamehe, na umfuatilie. Haya mawili hayagombani. Kusamehe ni kuacha kumtakia mabaya; kufuatilia ni kwa ajili ya wale wanaokupigia simu, wanaowekewa madai juu ya kitu ulichowapa. Ukikaa kimya kwa jina la upole, zawadi yako inauzwa na mtu mwingine kwa watu uliowakusudia waipate bure. Kusanya ushahidi: mafaili ya studio yenye tarehe, rekodi ghafi zenye sauti yako kabla haijachanganywa, ujumbe mliotumiana na rafiki yako wakati wa kurekodi, tarehe ya kwanza ulipoziweka mtandaoni. Kisha pinga lile dai kupitia njia iliyowekwa pale pale kwenye taarifa uliyopokea, na umwandikie msambazaji anayeziuza ukimtaka aziondoe. Andika kwa kifupi, bila hasira na bila mistari ya Biblia. Anayesoma anatafuta tarehe.

Tena sehemu ya kosa ni yako, niseme tu. Ulitoa bure bila kusema bure ya namna gani. Kimya chako kilimfanya kila mtu ajitungie masharti yake. Kuna leseni za Creative Commons, zipo tangu mwaka 2002, zilitengenezwa kwa watu wa aina yako hasa: hakimiliki inabaki kwako, lakini unatangaza mapema nini ruksa. Iko inayosema chukua, sambaza, ila taja jina la mtunzi na usifanyie biashara. Nadhani hiyo itakufaa. Ila usikimbilie. Leseni hizi ukishazitoa, aliyekwisha kuchukua kwa masharti hayo huwezi kumnyang'anya tena. Na huwezi kuzitoa juu ya zile nyimbo mbili mpaka rafiki yako akubali kwa maandishi. Unaona kila njia inarudi kwenye kile kiti alichokalia ukingoni.

Nimebakiza mkeo.

Mwanamke anayetoa akiba yake kwa huduma ya mumewe, kisha miaka inapita haulizi kitu, hajanyamaza kwa sababu hana la kusema. Umesema aliliweka daftari mezani akaenda kulala. Naona wewe ulilitazama kwa mbali kama hati ya mashtaka. Mimi sidhani anataka umrudishie kila senti kesho. Aliandika kila kitu, mwanangu, tarehe na kiasi, na watu wasiojali hawaandiki. Pengine ndani ya daftari hilo kuna kitu ambacho hukijui, aliuza nini, aliahirisha nini, alikopa kwa nani ili zile saa za studio zitimie. Umemuuliza mzee wa kanisa, umeniuliza mimi, ninyi wawili hamjakaa. Hata kwa rafiki yako usiende na ahadi ya malipo kabla ya kikao hicho, maana utakuwa unatoa sadaka ya pili kutoka akiba ileile.

Leo mtoto akishalala, vuta kiti ukae upande wake wa meza, si ng'ambo. Mfungulie ukurasa wa kwanza, mwombe akusomee yeye.

Wako,
Shangazi